Kaza riveti kwanza, epoksi baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno juu ya maboti ya alumini yanayovuja. Ukishuka Kituku asubuhi, au kwenye fuo nyingine za Ziwa Kivu kuanzia hapa Goma hadi Sake na Minova, hutakosa kuona boti la mabati ya alumini lililopigwa riveti ambalo tumbo lake limepakwa kole (gundi) kila mahali: hapa nyeupe, pale lami nyeusi, kule ile ya kijivu ya kuzibia milango ya magari. Na ndani bado kijana anafua maji kwa kopo. Mwenye boti atakuambia epoksi, ile kole ya kuchanganya resini na kigumishi, haifai kitu, ameshaijaribu. Sisi tunasema epoksi haina kosa. Imepakwa upande usio wake, juu ya uchafu, kwenye mshono unaocheza.

Maboti haya mengi yana mabati yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Bati moja limelalia jingine kwa upana wa vidole viwili hivi, katikati yake kiwandani huwekwa utepe au mastiki (dawa laini ya kuzibia), halafu riveti zinabana. Riveti ndizo zinazobeba nguvu, mastiki inazuia maji tu. Boti likipigwa na mawimbi ya kiangazi, upepo wa kusini unapoamka, likikokotwa juu ya mawe ya lava na kupakiwa kuliko uwezo wake, bati hujikunja na kujikunjua, tundu za riveti zinapanuka kidogo kidogo, na mastiki ya zamani inakauka na kukatika. Ukimwaga epoksi hapo bila kukaza riveti, umefunika kitu kinachocheza kwa kitu kigumu. Kitapasuka wimbi la kwanza kubwa, na kole itabanduka vipande vipande.

Kwa hiyo anza kwa kujua maji yanaingilia wapi. Kukisia ndiko kunakomaliza pesa za watu. Pandisha boti juu ya magogo, liegemezwe chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na chini ya mataruma (mbavu zake) kila mita moja, likauke nje kabisa, kisha mwaga maji ndani. Usijaze kwa furaha! Boti la mita 5 lenye sakafu ya upana wa mita 1.2, ukilitia maji ya kina cha sentimita 10, umelitwisha kilo 600. Likiwa ziwani, maji ya nje ndiyo yanayolisukuma kutoka chini. Likiwa juu ya magogo hakuna kinachosukuma, bati linabonyea na riveti zilizokuwa nzima zinalegea. Sentimita 5 zinatosha kwa sakafu. Kwa mishono ya ubavuni, liinamishe boti upande mmoja, halafu upande wa pili.

Mwaga polepole, mtu mmoja akiwa chini anatazama. Tone la kwanza kabisa ndilo linalosema kweli. Baada ya dakika chache maji yanatambaa ndani ya mshono na kutokea nusu mita mbali, na utaziba pasipovuja. Kila tone lizungushie alama kwa kalamu ya nta, maana chaki haishiki kwenye bati lililolowa. Tumia alama mbili tofauti, moja kwa riveti inayotoa maji na nyingine kwa mshono unaotoa maji kati ya riveti mbili, kwa sababu dawa zake si moja.

Riveti iliyolegea ina dalili hata bila maji. Utaona utando mweusi au wa kijivu umezunguka kichwa chake, mara nyingi ukivutika kuelekea nyuma ya boti. Ule ni unga wa alumini inayosagika kwa kucheza. Weka kidole juu ya kichwa, mwenzako alisukume bati kwa goti kutoka ndani: ukisikia mtikisiko, hiyo haibani tena.

Kukaza ni kazi ya watu wawili. Mmoja nje anashikilia chuma kizito, kilo 2 au 3, kimebanwa sawasawa juu ya kichwa cha riveti. Kichwa kikiwa cha mviringo, chuma kichongwe kishimo kidogo kinachokilingana. Mwingine ndani anapiga mkia wa riveti kwa nyundo ya gramu 500, mapigo matatu au manne ya nguvu na mafupi. Basi. Anayeendelea kupiga akidhani anazidi kukaza anaharibu mara mbili: alumini ikipigwa sana inakuwa ngumu na kupasuka, na bati linalozunguka riveti linatanuka, mshono unafumuka kati ya riveti na jirani yake. Tumeona mishono iliyovuja zaidi baada ya kukazwa kuliko kabla, na sababu ilikuwa hiyo hiyo.

Riveti isiyokubali kubana baada ya mapigo hayo itolewe. Toboa kichwa chake katikati kwa keekee ya kipenyo cha riveti, usilifikie bati, kisha isukume riveti nje. Ukiweka riveti mpya ya kupigwa yenye kipenyo cha milimita 4.8, iache ijitokeze nje ya mabati milimita 7 hivi, yaani mara moja na nusu ya kipenyo. Ikikamilika, kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 7 na kimo cha milimita 2 na nusu. Kikiwa chembamba kuliko hapo, kitakatika. Kama tundu limeshapanuka, panda kwenye riveti ya milimita 6.4, wala usijaribu kuijaza tundu kwa kole.

Pale ambapo mkono haufiki nyuma, kwa mfano chini ya viti vilivyojazwa povu, watu hutumia riveti za kuvuta kwa koleo. Hizo za kawaida zinazouzwa sokoni Birere kwa wingi zina tundu katikati na msumari wa chuma: maji yanapita katikati, na msumari unashika kutu. Zitafute zile zilizofungwa upande wa nyuma, za alumini, na msumari uwe wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu. Kila riveti mpya, ya aina yoyote, ichovye kwenye epoksi au mastiki ya poliyurethani kabla ya kuingia kwenye tundu.

Riveti zikishatulia, pima tena kwa maji. Mara nyingi nusu ya alama zitakuwa zimekauka zenyewe, na umeokoa epoksi. Zilizobaki ndizo kazi ya kole.

Sasa usafi, na hapa ndipo tungependa msomaji atulie. Epoksi haishiki kwenye kole ya zamani, rangi inayobanduka, mafuta ya moteri wala uvundo wa samaki wa sambaza. Adui mkubwa kuliko wote ni silikoni. Ukishaipaka silikoni kwenye mshono, hata ukiikwangua, inaacha utando usioonekana ambao hakuna kole inayoushika. Anayeziba boti lake kwa silikoni leo anamfungia mlango fundi wa kesho. Ikwangue kwa kisu cha plastiki au mti mgumu, piga msasa mpaka bati ling'ae, futa, piga tena.

Utaratibu wenyewe uko hivi: osha kwa sabuni na maji, suuza, kausha. Futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, na ukibadilishe kila kinapochafuka, la sivyo unahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Kisha msasa wa namba 80 sentimita 3 kila upande wa mshono, na kuzunguka kila kichwa cha riveti. Futa tena kwa asetoni. Ukitumia brashi ya waya, iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa maana ile ya kawaida inaacha chembe za chuma ndani ya alumini na baada ya miezi utakuta vishimo. Alumini iliyosuguliwa huanza kujifunika upya mara moja kwa utando wa oksidi, na utando huo ukizidi kukaa hauishiki kole vizuri. Usisugue leo upake kesho. Sugua kipande, paka kipande, siku hiyo hiyo, upesi uwezavyo.

Mshono lazima uwe mkavu hata katikati ya mabati, si juu tu. Baada ya kumwaga maji ya kupima, inamisha boti, liache juani siku mbili au tatu, usiku ulifunike kwa bashi (turubai). Siku ya kazi pasha mshono kwa kichomeo cha gesi au bunduki ya hewa ya moto kutoka nje, ukitembeza bila kusimama, mpaka mvuke uache kutoka na bati liwe la moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii zaidi ya sekunde chache. Moto huu usikutane na asetoni. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, unalala chini ndani ya boti kama mazuku, ile hewa ya sumu, yanavyolala mabondeni kwetu, huuoni, na cheche moja inatosha. Kopo la asetoni na vitambaa vyake viondoke kabisa, boti lipigwe upepo nusu saa, ndipo uwashe.

Kuhusu aina ya kole: ile ya mirija miwili inayokauka kwa dakika tano ni ya kushikia kikombe, si mshono wa boti. Inakauka ikiwa tete, na maji yakikaa juu yake siku nyingi inalegea. Mastiki ya magari, ile ya poliyesta, inanyonya maji na kubanduka. Unayoitaka ni epoksi ya maboti inayokauka polepole, na bora zaidi ile iliyotengenezwa iweze kupinda kidogo, kama G/flex ya West System. Kuna pia Gluvit ya Marine-Tex, ambayo ilikusudiwa hasa mishono na riveti. Hatupigii debe duka la mtu. Anayepata aina nyingine asome kopo: iandikwe kuwa inafaa kwa alumini na kwa kukaa majini, na muda wake wa kufanyia kazi uwe angalau nusu saa.

Kiasi? Mshono wa mita 4, ukipakwa kwa upana wa sentimita 2.5 na unene wa milimita 1, unakula mililita 100. Boti la mita 5 lenye mshono wa mkuku na miwili ya pembeni halipiti mililita 400 kwa mishono, na vichwa vya riveti vinakula mililita moja moja. Nusu lita hadi lita moja inamaliza boti zima. Anayenunua lita tano anapoteza pesa.

Kipimo cha resini na kigumishi kinatoka kwenye kopo, hakitoki kichwani. Kuna aina zinazotaka sehemu 1 kwa 1, nyingine 2 kwa 1, nyingine 5 kwa 1, na tena kipimo cha ujazo si sawa na cha uzito. Watu huongeza kigumishi wakitaka ikauke upesi. Haikauki upesi: kigumishi kilichozidi kinabaki bila mwenzake, na kole inabaki laini na ya kunata milele. Nunua famasi sindano mbili za mililita 20 zisizo na ncha, moja ya resini na moja ya kigumishi, usizichanganye. Koroga dakika mbili kamili ukikwangua kuta na kitako cha chombo, mimina kwenye chombo cha pili, koroga tena. Hiyo ya kumimina wengi huiruka, nayo ndiyo inayozuia vile vipande visivyokauka kamwe.

Changanya mililita 50 hadi 80 kwa mara moja, na uimwage kwenye sahani pana. Ikiachwa kwenye kikombe kirefu inajipasha yenyewe, inachemka, wakati mwingine inatoa moshi. Joto likipanda nyuzi 10, muda wako unapungua karibu nusu, kwa hiyo usifanye kazi hii saa sita juani.

Upakaji ni wa ndani ya boti kwanza. Inakopakwa na wengi, yaani nje, maji yanaisukuma kole kupitia ufa wowote mdogo, na mawe yanaikwangua. Bati likiwa bado la moto, zima kichomeo, kisha mimina uzi mwembamba wa epoksi isiyo na unga kwenye ukingo wa bati la juu. Joto linaifanya iwe nyepesi, inapenya. Bati linapopoa, hewa iliyofungiwa ndani ya mshono inasinyaa na kuivuta epoksi iingie zaidi. Ndiyo maana hatupashi tena baada ya kupaka: ukipasha, hewa inapanuka na kutoboa kole kwa mapovu. Mshono wa pembeni uupake boti likiwa limeinamia upande huo, ili mshono uwe ndio mahali pa chini kabisa. Ikiwa bado mbichi, isugue ndani ya bati kwa brashi ngumu, ili kole igusane na alumini ambayo haijaona hewa. Unapoona imeingia yote, ongeza. Mshono mmoja unaweza kunywa mara tatu.

Baada ya saa chache, inaponata lakini haitoki kwenye kidole, weka tabaka la pili lililotiwa unga wa silika mpaka liwe zito kama siagi, ulilainishe kwa kijiti cha ncha ya mviringo lijaze pembe kati ya mabati mawili. Funika mikia ya riveti kwa tone hilo hilo. Ukichelewa mpaka kesho yake, itabidi uoshe kwa maji na kusugua kwa msasa kwanza, kwa sababu unyevu wa usiku huacha utando wa mafuta juu ya epoksi, na tabaka linalofuata halitashika. Nje, malizia kwa mstari mwembamba kwenye ukingo wa mshono tu.

Vaa glovu. Kigumishi kikizoeleka kwenye ngozi, kuna watu wanaovimba mikono kila wakisogelea epoksi, na hali hiyo haiwaachi. Ikikugusa, osha kwa sabuni, usitumie asetoni, kwani asetoni inaipenyeza ndani ya ngozi.

Usiku wa Goma hushuka nyuzi 15 na chini, na kwenye baridi hiyo epoksi inasinzia. Funika boti kwa bashi, usiliguse kwa saa 24, na uhesabu wiki nzima kabla ya kulipakia mzigo. Kisha rangi, na hii si urembo. Jua linaila epoksi na kuigeuza unga. Tena maji ya Kivu si kama ya mto: yana chumvi za kaboneti nyingi, na pH yake kwa juu ni karibu 9, kiwango ambacho utando unaoilinda alumini huanza kuyeyuka. Bati lililo uchi linaliwa polepole. Paka rangi ya msingi ya epoksi inayofaa alumini, kisha rangi ya juu. Usipake rangi yenye shaba wala ile nyekundu ya risasi inayopakwa vyuma, na usifunge kitu cha shaba kwenye bati, hata skrubu moja.

Yako mambo ambayo epoksi haiyawezi, na tunaomba wenye maboti ya abiria wayasikie. Bati lililoliwa mpaka kisu kinapenya likatwe na kuwekwa jipya. Taruma lililovunjika litalegeza riveti zile zile kila mwezi mpaka litengenezwe. Ufa katikati ya bati utobolewe kila ncha tundu la milimita 3 ili usiendelee, kisha uwekwe kiraka chenye riveti, epoksi ikiwa katikati. Na wale wanaokimbilia kuchomelea mshono wa riveti: joto linapunguza nguvu ya bati jembamba na kulikunja, riveti za jirani zinalegea, na sasa boti linavuja mahali patano badala ya mahali pamoja tu. Boti la chuma ni habari nyingine, hilo lina wachomeleaji wake.

Siku ya kulirudisha majini liache tupu, bila moteri, usiku mmoja, huku sakafu ikiwa imekaushwa kabisa kwa kitambaa. Asubuhi ukikuta maji, kabla ya kulaani kole tazama kizibo cha kutolea maji kilicho nyuma, mpira wake na riveti zinazoshikilia kiwambo chake. Pa pili pa kutazama ni tundu za skrubu za moteri kwenye ubao wa nyuma. Baada ya safari za wiki ya kwanza, pitia tena vichwa vya riveti ukitafuta ule utando mweusi, hasa katika theluthi ya mbele, kule ambako boti linapokea wimbi.

Wako,
Mafundi wa maboti, Goma